Mnanipa Nini Nitoke

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Ameingia kaburini akiwa mzima, amelala chali, ametoka akicheka, na waliofiwa nao wakacheka. Nani huyo?

Mjukuu wangu mmoja alijibu, "Lazaro." Nikamwambia Lazaro hakucheka, au kama alicheka hatukuandikiwa. Mwingine akasema mchimba kaburi. Huyo alikaribia, lakini mchimba kaburi halali chali, hana nafasi hiyo. Watoto wa siku hizi mnajibu kama mnaofukuzwa.

Ni mtani.

Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka kuzika, ndipo wakaona heri watukanane kuliko kuuana. Mngoni akinikuta sokoni Mafinga ataniuliza mbwa wangu nimempika na nini, nami nitamuuliza hali ya panya wa kitoweo aliye mfukoni mwake, na hapo hakuna wa kununa. Msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye kazi. Atachimba, atachota maji, atavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye mpaka wajane wacheke huku machozi yanawatoka. Mwisho, kabla jeneza halijafika, ataingia kaburini, atalala humo na kugoma. Atauliza, "Mnanipa nini nitoke?" Nanyi mtasema kuku. Basi. Anatoka akijipangusa udongo, na mwenye nafasi anapewa nafasi yake.

Mtani hakasirikiwi. Kumpiga mtani sikuwahi kusikia, mpaka siku tuliyomzika mume wangu.

Mume wangu alikuwa mzee Kalinga wa Mafinga, na mtani wake wa kufa na kuzikana alikuwa Anania, Mngoni. Ujanani walipasua mbao pamoja, mmoja juu ya gogo, mmoja chini akila unga wa msumeno, na matusi yakipanda na kushuka kama msumeno wenyewe. Hata walipopata mashamba ya mipaini, miti ya mbao, waliyapata yamepakana. Mzee alipougua akalazwa Tosamaganga, Anania ndiye aliyekuja kukaa naye na kumwambia, "Kalinga, usife kwanza, sijapata kitambaa cha suti." Mtoto wetu Marcelino alikuwa Mbeya kwenye biashara. Tulimpigia simu. Alisema anakuja. Tukapiga tena, akasema yuko njiani. Alifika asubuhi ya maziko, amevaa suti nyeusi yenye mikunjo ya dukani, akasimama peke yake karibu na ua kama mgeni.

Mimi mjane nilikuwa ndani, mkekani. Ya kaburini nilisimuliwa, lakini sauti nilizisikia mwenyewe dirishani, maana mzee tulimzika hapo hapo nyuma ya nyumba.

Anania aliingia kaburini. "Jamani, huyu hajafa! Amekwepa palizi! Leteni pombe yake ya ulanzi mmpitishie puani, mtaona kama hatakaa!" Watu wakacheka. Katekista naye akageuka pembeni kuficha meno. Kisha Anania akamwona Marcelino akijifuta macho. "Na wewe wa suti, unalia nini? Unamlilia baba yako, au unaililia mipaini?"

Watu wakacheka zaidi. Mtani ana ruhusa yake. Hawakujua pale palikuwa na kidonda, au walijua, maana utani mzuri haukosi kugusa penye maumivu. Anania akajinyoosha, akaweka mikono kifuani, akauliza, "Haya, mnanipa nini nitoke?"

Kuku alikuwepo. Alikuwa kuku mweupe, nilimchagua mwenyewe alfajiri, nikamfunga miguu, nikamlaza nyuma ya jiko. Ilibaki mtoto wa kiume kulitamka tu hilo neno.

Marcelino hakulitamka. Alichukua chepe lililokuwa kwenye lundo la udongo akalishusha. Lilimpata Anania begani. Mimi nilichosikia ni ukimya. Unajua msiba ulivyo na kelele, hata wanaonong'ona ni kelele. Zilikatika zote. Wakamtoa Anania kwa kumbeba, na damu yake ikawa imetangulia kaburini kabla ya mwenye kaburi.

Jioni watu walipotawanyika, Marcelino alipita nyuma ya jiko akamkuta yule kuku bado amelala ubavu, anapepesa macho. Akamfungua. Nilimwona. Kuku yule aliishi sana, mjukuu wangu, akataga na kuatamia, hakuna aliyethubutu kumchinja.

Bega la Anania lilipona vibaya. Mkono wake wa kulia haukupita tena usawa wa sikio. Wazee waliwaita wote wawili. Marcelino akasema ametukanwa mbele ya kaburi la baba yake. Anania akasema, "Sina kesi. Nilimuuliza swali, nangoja jibu." Wakaondoka kila mtu na njia yake. Tangu hapo wa kwetu hawakwenda msibani kwao, wa kwao hawakuja kwetu. Kama wewe ni wa mjini utaona dogo hilo. Huku, mtu usiyemzikia unamwambia kwamba hayupo. Hata kanisani, padre akisema tutakiane amani, mikono ya upande wao na ya upande wetu ilikuwa inaishia katikati ya viti.

Sasa kingine. Tunatengeneza barabara ili mgeni asipite. Ni nini?

Hiki ni cha watu wa Mafinga, ukikishindwa sikulaumu. Ni njia ya moto. Kati ya shamba na shamba la mipaini unaacha ukanda mpana, unaufyeka mpaka udongo uonekane, ili moto ukija ukose cha kula, ufe. Kila mwaka mvua zikiisha, mzee Kalinga na Anania waliifyeka ile yao kwa pamoja. Nilikuwa nawapelekea viazi vya kuchoma, nawakuta wanatukanana tangu asubuhi, wamechoka kucheka kuliko kufyeka.

Baada ya lile chepe, Marcelino alirudi Mafinga kushika miti ya baba yake. Akasema njia ya moto iko upande wa Anania, afyeke Anania. Anania naye akasema iko upande wa Marcelino. Nyasi zikaota, zikawa vichaka, vichaka vikapandiwa na mipaini midogo iliyojiotea yenyewe. Ukitazama kwa mbali ungedhani ni shamba moja la ndugu wawili.

Mimi nilihamia Kihesa, Iringa mjini, kwenye nyumba aliyoniachia dada yangu. Mjini kuna umeme na maji, lakini kitendawili kinataka watu wawili. Nilikuwa nakaa jioni na kitendawili changu mdomoni kama pipi, hakuna wa kumtegea. Ndipo Marcelino akaniletea binti yake Yusta, amemaliza kidato cha nne, ajifunze kushona. Mama yake alikuwa ameachana na Marcelino zamani, ameolewa Mbeya. Yusta alikuja na cherehani yake na ukimya wake. Nikimtegea, alikuwa anaendelea kukanyaga cherehani, nadhani hajanisikia, kumbe kesho yake asubuhi anatoka chumbani na jibu. Alikuwa hapendi kujibu bila kulala nalo.

Mwaka huo mlango wa jikoni ulivimba kwa mvua ukawa haufungi. Nikaulizia fundi. Akaja kijana mrefu, randa kwapani.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Wa wapi wewe?"

"Mafinga. Mngoni wa Mafinga." Akazungusha macho uani. "Bibi, mbona simwoni mbwa? Ameshaingia chunguni?"

Ilikuwa miaka hakuna aliyenitania. Sikujua nicheke au nilie. Nikasema, "Mbwa tumemficha, mwanangu. Tulisikia Mngoni anakuja na panya wake."

Akacheka mpaka akajishikilia kwenye mlango ule mbovu. Yusta akatoka chumbani na uzi shingoni kuona bibi yake anacheka nini.

"Wa nani kule Mafinga?" nikauliza.

"Wa Anania. Naitwa Crispin."

Kicheko kikaisha. Akaiona picha ya mzee Kalinga ukutani, akaielewa. "Basi niondoke, bibi?"

"Mlango umekwisha?"

"Haujaisha."

"Tangu lini fundi anaondoka mlango haujaisha?"

Mlango uliisha mapema sana. Lakini kasoro ziliendelea kuonekana. Mara bawaba, mara kitasa, mara kizingiti kimeliwa na mchwa ambao mimi sikuwaona. Nikamwambia Yusta, "Huyu fundi wako atatubomolea nyumba apate la kutengeneza." Yusta hakujibu. Kesho yake asubuhi akatoka chumbani akasema, "Bibi, ananitaka, na mimi namtaka."

Crispin hakutaka njia ya uani. Alimtuma mshenga, mzee Amos wa jumuiya yao, kwa Marcelino. Amos alianza kwa mbali kama inavyotakiwa, kwamba kuna mtu kapita hapa kaona ua, anaomba kujua lina mwenyewe. Marcelino akafurahi, akaagiza chai. Akauliza, "Na aliyeliona ni nani?"

"Crispin wa Anania."

Marcelino aliinuka akafungua mlango. "Mwambie aliyekutuma, jibu langu baba yake analo begani."

Crispin akaenda kwa baba yake mwenyewe. Anania alikuwa anatia makali msumeno kwa mkono wa kushoto.

"Baba, namtaka Yusta."

"Wa yule mwenye chepe?"

"Yusta hakushika chepe, baba."

"Sikatai. Ila nilimuuliza baba yake swali mbele ya watu, hajanijibu mpaka leo. Akinijibu, nitakwenda kukuposea kwa miguu yangu. Asiponijibu, usinitajie nyumba ile."

Mama wa kijana, Tusekile, ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Hana utani na mtu katika mambo haya, kwake yote yalikuwa upuuzi wa wanaume. Alilia jikoni, akapika, akalia tena. Kisha akampigia kaka yake mwenye karakana ya samani Mbeya, pale Mwanjelwa, amchukue mtoto. Crispin akaenda. Shauri lao na Yusta lilikuwa apange chumba, atafute padre mwenye huruma, kisha Yusta amfuate wafunge ndoa kule.

Jioni Yusta alikuwa anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anakula huku anasikiliza. Chumba cha Mbeya kina baridi, alikuwa anasema kijana. Dirisha linaangalia ukuta. Anapika ugali wa mtu mmoja, unamshinda kipimo, kila siku unabaki. Nikawategea wote wawili: namsikia akipumua, harufu ya jasho lake siipati. Yusta akajibu palepale, bila kulala nalo. "Ni simu, bibi." Akaondoka mezani.

Sijui nani alimfikishia Marcelino habari. Alikuja Kihesa mchana, gari limejaa vumbi la mbao, hata maji hakunywa.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Umemfuga mtoto wa Anania humu ndani."

"Nimetengeneza mlango. Ulikuwa haufungi."

"Unacheka."

"Sicheki, Marcelino. Kuku ulimfungua mwenyewe. Ungemshika tu kwapani ukampelekea Anania. Hata leo kuku wapo."

Alitazama sakafu muda mrefu, kama alipokuwa mdogo amevunja kitu. Nikadhani atakaa. Kisha akamwita binti yake, akamwambia akunje nguo, akamnyang'anya simu. Yusta hakulia. Alinishika mkono mlangoni akasema, "Bibi, usiiguse cherehani, nitarudi kumalizia." Chini ya sindano palikuwa na kitambaa cheupe. Hakuwahi kuniambia ni cha nini, wala sikuhitaji kuambiwa.

Sikuigusa. Vumbi lilitua juu yake. Nikawa napika ugali wangu wa mtu mmoja na mimi, nao unabaki. Jioni nilikuwa najikuta nimetega kitendawili kwa sauti, nangoja, halafu naukumbuka ukimya wa nyumba. Mlango wa jikoni ulikuwa unafunga vizuri mno. Upepo haukuwa na hata nafasi ya kuubamiza.

Kiangazi kikaingia. Crispin akanipigia.

"Bibi, Yusta hapatikani."

"Hatapatikana. Baba yake kamrudisha Mafinga, na simu anayo yeye."

Nilisikia msumeno wa karakana nyuma yake. Ukazimwa.

"Naenda Mafinga, bibi. Lakini siendi nyumbani. Nitafyeka njia ya moto."

"Njia ipi?"

"Ile yetu. Ile yenu. Yote, mwanzo mpaka mwisho. Mama anasema kwao zamani kijana alikuwa anamlimia mkwe kwanza. Mimi nitafyeka. Nikimaliza nitakaa pale katikati. Watakuja wenyewe wote wawili kuuliza nani kafyeka, na wakija wote wawili mahali pamoja, si wataongea?"

"Na wasipoongea?"

"Watatukanana," akasema, nikamsikia anatabasamu. "Huo ndio mwanzo, bibi."

Yaliyofuata nilisimuliwa na Yusta, na baadaye na wengine, na yote yanafanana.

Kijana alilala kwa rafiki yake Mafinga, hakuonekana nyumbani. Akafyeka siku ya kwanza, akafyeka na iliyofuata. Ilikuwa mchana, upepo mkali, ng'ambo ya bonde mtu mmoja anachoma majani shambani kwake. Moto ukaruka. Crispin akauona unapanda, akapiga yowe.

Kwetu yowe la moto halina kabila wala kesi. Ukilisikia unakata tawi bichi unakimbia, hata kama ulikuwa unakula. Marcelino alikuwa barazani anakula. Aliinuka, akautazama moshi. "Ni kwa Anania," akasema. "Azime Anania." Akakaa.

Upande wa pili wa kilima Anania naye alisimama mlangoni kwake. Akautazama moshi ule ule. "Ni kwa Marcelino," akasema. Akarudi kwenye msumeno wake. Na watu wa kila upande, wakiona mwenye shamba amekaa, wakadhani ni moto mdogo, amekwisha kuuzima.

Yusta alikuwa uani anaosha vyombo. Yowe likaja tena.

"Baba, ile sauti naijua."

"Ya nani?"

"Ya Crispin."

"Crispin yuko Mbeya."

Aliacha sahani ikaanguka, akakimbia. Marcelino akamwita, akamwita tena, kisha naye akakimbia nyuma yake. Kwenye njia panda ya msituni akakutana na Anania, ametoka mbio, maana moshi ulikuwa umegeuka mweusi. Hawakusalimiana. Walikimbia bega kwa bega, lile zima na lile bovu, mpaka kwenye ule ukanda.

Walimkuta amelala kifudifudi kwenye udongo aliousafisha, shati amelifunga puani, fyekeo pembeni. Moto haukumgusa hata unywele. Moshi ulimtosha. Mpaka pale alipofika kufyeka moto ulikuwa umekufa, majivu yamekoma kama yamekatwa kwa kisu. Pale asipofika, uliingia ukavuka, ukala mipaini ya huku na ya huku.

Nilipanda basi la kwanza la asubuhi kutoka Iringa. Nilimkuta Yusta kwenye uzio wa baba yake, amesimama, kanga nyeusi kichwani. Marcelino alikuwa chumbani, hajasema neno na mtu tangu moto. Nilichungulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu vina majivu.

"Marcelino, twende tukazike."

Hakugeuka. Nikamshika Yusta mkono, tukaenda sisi wawili. Tulikuwa tumeambiwa Anania amesema mtu wa Kalinga asikanyage kwake. Watu walipotuona walifungua njia. Anania alikuja mpaka kwenye ukingo wa ua.

Nikamwambia, "Anania, nimekuja kama mtani. Utanifukuza?"

Alinitazama. Alikuwa mzee ghafla, kama koti limemzidi. Akasogea pembeni tukapita. Tusekile akainuka mkekani, akamchukua Yusta, wakakaa wameegemeana, hakuna aliyemwambia mwenzake pole. Siku hiyo nilikwenda mpaka kaburini, maana mjane safari hii alikuwa mwingine, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Ulikuwa msiba mkavu. Sijapata kuona. Vijana walichimba kama wanachimba choo, kimya. Hakuna aliyevaa shati la marehemu. Hakuna aliyeigiza mwendo wake, na alikuwa na mwendo wa kuigizika, yule, magoti yanatangulia. Watani wa nyumba ile walikuwa sisi. Katekista akafungua kitabu, akatazama kaburi, akangoja kidogo bila kujua anangoja nini. Jeneza lilikuwa linatoka mlangoni.

Yusta akaniachia mkono.

Aliketi ukingoni, akashusha miguu, akateremka. Mwanamke mmoja akapiga kelele. Nikasema, "Mwacheni. Ni mtani." Akalala chali, akaitengeneza kanga yake, akaweka mikono kifuani. Kutoka pale juu nilimwona mdogo sana.

"Huyu Mngoni hajafa," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilisikika. "Mvivu tu huyu. Amefyeka kidogo amechoka. Mlango wa bibi yangu ulimchukua msimu mzima wa mvua." Mtu mmoja akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio hapo hapo mdomoni mwake. "Na panya wake hakuniachia. Sasa mimi nitakula nini?"

Jeneza lilikuwa limefika. Waliolibeba wakasimama nalo mabegani.

"Sitoki," akasema Yusta. "Mnizike naye, au mniambie. Mnanipa nini nitoke?"

Niliwatazama wakubwa wote wa ukoo ule, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nilimwona Yusta anafumba macho, na nikajua hatanii. Alikuwa amekata shauri kabla hatujatoka nyumbani, amelala nalo usiku kucha kama anavyolala na majibu yake.

Anania akapiga hatua mpaka ukingoni. Akajaribu kuinua mkono wa kulia, ukafika usawa wa sikio ukakwama.

"Mwanangu," akasema, "swali hilo si langu kujibu. Niliuliza mimi kwanza. Na aliyetakiwa kunijibu ni yule pale."

Tukageuka. Marcelino alikuwa amesimama nje ya ua, nyuma ya watu wote, kofia mkononi, majivu bado viatuni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Watu wakaachana, njia ikawa nyeupe kati yake na kaburi. Alitembea polepole. Alipofika kwenye lundo la udongo aliliona chepe limechomekwa pale, akalizunguka kwa mbali kama mtu anayemzunguka nyoka. Akapiga magoti ukingoni, mkabala na Anania. Akamtazama binti yake chini, kisha akainua uso kumtazama Anania.

"Kuku," akasema. "Nakupa kuku, mtani wangu. Alikuwepo tangu siku ile. Mama alikuwa ameshamfunga miguu."